Boriti fupi juu ya ukuta wa udongo: kisa cha nyumba moja ya Kasese

Familia ninayoieleza hapa, ya Kasese, magharibi mwa Uganda, imeniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba majina, kijiji na alama za kiwanja visitajwe. Mimi ni seremala. Sikuwepo tangu mwanzo. Niliitwa ukuta ulipokwisha kupasuka, kwa hiyo yaliyotangulia nimeyakusanya kutoka kwa wenyewe, kutoka kwa daftari lao, na kutoka kwa mbao zenyewe, maana mbao hutunza alama za kila aliyezigusa.

Usuli

Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, mume anatengeneza pikipiki. Zamani walikaa karibu na mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2020 yaliwachukulia jiko, choo na chumba kimoja, wakaenda kuishi kwa ndugu huku wakidunduliza, hadi wakapata kiwanja juu mlimani, mbali na maji. Fedha ya saruji na nondo hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni udongo mzuri wa kiwanja chao, mikaratusi ambayo baba mkwe aliipanda kwenye kona ya shamba, na ndugu wengi wenye mikono.

Walianza vizuri, na hilo lazima niliseme kabla sijafika kwenye makosa. Msingi ni wa mawe. Juu yake waliweka mistari mitatu ya matofali ya kuchoma, wakatandika nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ndipo wakaanza matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Ukuta una unene wa inchi 14. Chumba kikubwa kilichorwa kwenye daftari la shule kuwa futi 12 kwa 15 ndani, na juu yake dari ya mbao ya kuhifadhia mahindi, maharage na karanga, na baadaye watoto walale huko. Dari hiyo ilihitaji boriti 5 za inchi 6 kwa 8 zikivuka ule upana wa futi 12, kila moja ikiwa futi 2 na nusu kutoka kwa mwenzake. Kwa mzigo waliokuwa wanaufikiria, magunia 20 ya kilo 100, ambayo ni tani 2, boriti za ukubwa huo zinatosha na kubaki. Ubaya haukutoka kwenye ukubwa.

Kuna jambo la eneo letu ambalo mjenzi wa Kasese hana ruhusa ya kulisahau. Tunakaa kwenye Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, na ardhi hapa hutikisika. Wazee wanakumbuka tetemeko la tarehe 20 Machi 1966, na wa rika langu tunakumbuka la tarehe 5 Februari 1994. Ukuta wa udongo hubeba vizuri kinachoukandamiza kutoka juu, lakini ukivutwa hauna nguvu. Ardhi ikitikisika, kuta huachana kwenye pembe, kila ukuta unaanza kucheza peke yake, na boriti iliyokalia ukutani kidogo tu inachomoka na kuanguka juu ya waliolala. Kwa hiyo boriti katika nyumba ya namna hii ina kazi mbili: kubeba dari, na kuzishika kuta mbili zisiachane.

Yaliyotokea

Miti ilikatwa katikati ya Januari. Mpasuaji alikuja na msumeno wa mnyororo, akaambiwa anatakiwa kutoa boriti 7 za futi 14, mbili zikiwa akiba. Hesabu ilikuwa hii: futi 12 za chumba, na futi moja kila upande ya kulala juu ya ukuta, inchi 2 za nje zifunikwe kwa udongo. Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Mpasuaji akazikata zote futi 14 kamili palepale shambani, siku ileile miti ilipoangushwa.

Anayeujua mkaratusi ameshaanza kutikisa kichwa. Mti huu ukiwa umesimama, nje yake imevutika kama kamba na moyo wake umebanwa. Ukiukata, ile nguvu iliyofungiwa ndani inatafuta njia, na njia iliyo karibu ni mwishoni mwa gogo. Unaweza kukaa pembeni ukasikia kabisa: ta, ta, nyufa zinafunguka kutoka kwenye moyo kuelekea nje, kabla hata hujamaliza chai. Ndani ya wiki moja kila boriti ilikuwa na ufa kwenye ncha zake. Nyingine inchi 2, nyingine zaidi. Ile waliyoiita namba 3 ilikuwa na ufa wa inchi 11 upande mmoja na inchi 2 upande wa pili.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kupasua. Miti minene ilitoa boriti mbili mbili kutoka gogo moja, zikilala ubavu kwa ubavu, hivyo moyo wa mti ukawa kwenye ukingo wa kila boriti badala ya katikati. Boriti ya namna hiyo hupinda, kwa sababu upande mmoja unavuta na mwingine unasukuma. Namba 4 na 5 zilipinda karibu sentimita 4. Zile zilizotoka kwenye gogo moja moja, moyo ukiwa katikati, zilinyooka, ingawa zilipasuka nyufa ndefu za juujuu ambazo zilimtisha sana mwenye nyumba. Nyufa zile hazina neno. Mti wenye moyo katikati lazima upasuke mahali fulani unapokauka. Nilikuta amezijaza gundi na unga wa mbao kwa bidii kubwa.

Wakati huohuo kuta zilikuwa zinapanda. Walijenga wenyewe, jioni na Jumapili, wakifuata uzi uliofungwa kona hadi kona. Lakini matofali yaliugusa uzi. Kila tofali lililougusa liliusukuma nje nywele moja, na lililofuata likamfuata mwenzake, hata kuta zote mbili ndefu zikavimba katikati. Hakuna aliyeona kwa macho. Penye futi 12 kwenye daftari, karibu na pembe chumba kilikuwa futi 12 na inchi 1, na katikati kilikuwa futi 12 na inchi 5.

Mwishoni mwa Februari kuta zilifika kimo cha dari. Boriti zikabebwa kutoka shambani. Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribia tani moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila boriti ilikuwa na kilo 130 hadi 140. Watu wanane, kamba, na miti miwili iliyoegemezwa ukutani kama mteremko, wakazibiringisha juu. Mbili zilizotangulia zilikaa. Ya tatu, namba 3, ndiyo iliyotakiwa kukaa katikati kabisa ya chumba. Walikuwa wamekata ncha zote mbili kuondoa sehemu iliyopasuka, na kwa hilo walifanya sawa, kwa sababu ncha iliyopasuka haifai kulalia ukuta. Lakini sasa boriti ilikuwa futi 12 na inchi 11, na pale katikati chumba kilikuwa futi 12 na inchi 5. Zilibaki inchi 3 za kulala kila upande.

Waliipandisha hivyohivyo. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema kitu, akanyamaza kwa sababu watu wanane walikuwa wameshikilia kamba na jua linazama.

Siku ya tatu ufa ulionekana chini ya ncha ya upande wa jiko. Ulianzia kwenye ukingo wa ndani wa ukuta, chini kabisa ya boriti, ukashuka mshazari futi moja na nusu, upana wake unene wa sarafu. Ukingo wa tofali chini ya boriti ulikuwa umeanza kumeguka, na unga wa udongo umeanguka sakafuni ukafanya kilima kidogo. Mume akanipigia simu usiku. "Fundi," akasema, "nyumba inatoa unga."

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza haukuwa wangu. Nilipofika asubuhi nilimkuta jirani yao, mzee wa miaka zaidi ya sabini ambaye ujana wake aliumalizia ndani ya mgodi wa shaba wa Kilembe, akiweka nguzo za mbao kushikilia paa la mwamba. Alikuwa ameshasimamisha nguzo mbili chini ya boriti, moja kila upande, umbali wa hatua moja kutoka ukutani. Chini ya kila nguzo kulikuwa na ubao mpana, na kati ya nguzo na ubao kabari mbili zilizokutana zikielekeana, moja ikigongwa huku nyingine ikigongwa kule. Alizigonga kwa zamu, pole pole, kisha akaweka kiganja chake kwenye nguzo na kungoja. "Unasikia?" akaniuliza. "Mpaka iache kutetemeka ukiigonga. Ukizidisha utaiinua boriti na kuvunja huko juu." Kabari moja peke yake huisukuma nguzo pembeni, mbili zinazoelekeana huiinua wima. Hilo nimewafundisha vijana wangu wote tangu siku ile.

Nguzo ziliposhika tulipata nafasi ya kufikiri. Nilianza kwa kupima kila kitu upya, na sikutumia daftari lao. Nilitumia mpira wa maji kupata usawa wa juu ya kuta zote nne, na kijiti kirefu kupima upana wa chumba mahali pa kila boriti. Kijiti kina faida moja juu ya tepu: hakilegei, wala hakisomwi vibaya. Unakiingiza kati ya kuta, unatia alama ya penseli, unaandika namba, basi. Kilipokuja kulala karibu na boriti, kila mtu aliona alichokuwa hajakiona. Mwalimu akasema, "Kumbe chumba chetu kina tumbo."

Tulijadili njia nne. Kuiunga namba 3 kwa kipande kingine nilikataa mara moja. Kiungo katika boriti inayobeba nafaka juu ya watoto si kitu cha kujaribu kwa bolti mbili na matumaini. Kununua boriti nyingine ndefu kulikuwa na maana, lakini zile mbili za akiba walikuwa wameshazikata kwa ajili ya linta za milango, na fedha zilikuwa zimekwisha. Njia ya tatu, kuweka jiwe bapa chini ya kila ncha ili kutawanya uzito, ndiyo inayotumika sana kwetu na inafaa palipo na kilalio cha kutosha, yaani sehemu ya boriti inayolala juu ya ukuta. Kwa inchi 3 ingezuia ukuta usimeguke tu. Tetemeko likija, boriti ingetoka palepale.

Tukachagua ya nne, iliyo ghali zaidi kwa kazi: kuteremsha boriti zote tatu, kisha kuzungusha juu ya kuta nne mkanda wa mbao, na kuzilaza boriti juu ya mkanda huo. Wazee wa pwani wana neno mtambaapanya kwa ubao unaolala juu ya ukuta. Huu wetu ulikuwa mtambaapanya wa mara mbili, umbo la ngazi iliyolazwa: mbao mbili za inchi 4 kwa 3, moja karibu na uso wa ndani na nyingine karibu na uso wa nje, zikishikwa na vipande vya kukingama kila futi moja na nusu. Kwenye pembe mbao zinapishana nusu kwa nusu na kufungwa kwa bolti. Kati ya vipande tulijaza udongo wenye majani. Mkanda kama huo unazifunga kuta nne kama mshipi kiunoni, na uzito wa kila boriti hautui tena kwenye tofali moja bali unatambaa kwenye urefu wa ukuta.

Kisha tukapanga boriti upya. Namba 3, iliyo fupi, tukaihamishia pembeni kabisa, ambapo chumba ni futi 12 na inchi 1. Pale inabaki na inchi 5 kila upande, inatosha kuukalia ubao wote wa ndani wa mkanda. Iliyo ndefu kuliko zote tukaipeleka katikati penye tumbo. Mbili zilizopinda tukazilaza mgongo juu, ili mzigo wa dari uziteremshe kuelekea unyoofu. Ingekuwa kinyume, zingeanza zikiwa zimeinama na kuzidi kuinama.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi ya seremala ilipo, na ndipo nilipoona ndugu zao wakibadilika kutoka watu wa kubeba kuwa watu wa kuchonga.

Boriti iliyopasuliwa kwa msumeno wa mnyororo haina kimo kimoja. Tulipima: ncha moja inchi 7 na robo tatu, nyingine 8 na nusu, nyingine 8 kamili. Ukizilaza hivyo, dari inakuwa mawimbi. Watu wengi huanza kuingiza vipande vya mbao chini ya boriti fupi, na vipande hivyo huja kudondoka. Sisi tulifanya kinyume. Tulichukua uso wa juu kuwa ndio mfalme. Uzi wenye rangi ukanyoshwa juu ya kila boriti, kisha kwenye kila kilalio tukashuka kutoka kwenye mstari huo inchi 7 na nusu, si zaidi si pungufu, tukachora. Kilichobaki chini ya mchoro kiliondolewa kwa msumeno wa mkono na patasi. Kwa hiyo kila boriti ilikuwa na mwili wake iliojaliwa katikati ya chumba, lakini ncha zote 10 zilikuwa na kimo kimoja, inchi 7 na nusu, na dari ikatoka sawa bila kipande hata kimoja cha kujazia.

Mchongo huo wa chini hauishii kwa pembe kali. Ukikata pembe ya mraba chini ya boriti, ufa unaanzia kwenye ile pembe na kukimbia katikati ya mti kufuata nyuzi. Tuliuteremsha taratibu, mteremko wa urefu wa kiganja, na hakuna tulipokata zaidi ya inchi moja, yaani sehemu ndogo ya kimo chote. Kijana mmoja, mpwa wa mwenye nyumba, alichonga ncha ya namba 2 kwa saa tatu. Alipomaliza aliweka guni, kile chuma cha kupimia pembe mraba, akaweka macho kwenye mwanga, akaona nuru inapita chini ya chuma upande mmoja. Hakusema kitu. Akachukua patasi, akatoa unyoya mmoja wa mbao, mwembamba hata ukaona kidole kupitia kwake, akaweka guni tena. Nuru ikafungwa.

Kila boriti ilifungwa kwenye mkanda kwa bolti ya milimita 12 na washa pana, pamoja na kigingi cha mti mkavu. Kigingi lazima kiwe kikavu kuliko boriti. Boriti mbichi ikikauka inajibana juu yake. Kigingi kibichi hukonda ndani ya tundu na kutoka kwa vidole.

Kuhusu mchwa tulibishana. Mume alitaka boriti zote zipakwe oili chafu ya injini, ambayo gerejini anaipata bure. Nilikataa juu ya dari ya chakula, na hata penginepo sina imani nayo kubwa, kwa kuwa inabaki juujuu na ufa wa kwanza unafungua njia. Tulichofanya ni kuacha nafasi ya vidole viwili pande zote za kila ncha ndani ya ukuta, bila kuiziba kwa udongo, ili mti upumue na ili mtu aweze kumulika kwa tochi na kuona kama njia za mchwa zimefika.

Kosa langu

Wiki ya pili ya Machi mvua zilikuwa zimekaribia na juu ya kuta kulikuwa na turubai. Mchana mmoja wa jua kali niliagiza zitolewe ili mistari ya juu tuliyoijenga upya ikauke. Nikaondoka saa kumi kwenda kwenye kazi nyingine, nikidhani itaeleweka kwamba jioni zinarudishwa. Sikumwambia mtu. Mvua ilinyesha usiku. Mistari miwili ya juu ya ukuta wa mashariki ililainika ikawa uji, na tulilazimika kuiondoa kwa jembe, kufyatua na kukausha matofali mengine, na kungoja. Siku 9. Familia haikunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Siku hizi agizo la kufunua ukuta huwa nalitoa pamoja na jina la atakayefunika na saa yake, na silitoi kama mimi mwenyewe siwezi kurudi kuhakikisha.

Matokeo

Boriti zilirudi juu wiki ya kwanza ya Aprili, mabati yakapanda mwisho wa mwezi, katikati ya mvua. Ufa wa upande wa jiko ulijazwa udongo na kupigwa lipu ya udongo na mchanga. Nimeutembelea mara nne. Haujafunguka.

Nilirudi na kijiti changu baada ya miezi 14. Namba 2, ambayo kimo chake katikati ya chumba kilikuwa inchi 8, ilikuwa imepungua karibu sentimita moja. Urefu wake haukubadilika hata kidogo, kama ilivyo kawaida ya mti: hukonda, haufupiki. Nati zilikuwa zimelegea. Kila moja ilikubali kuzungushwa kama mara 5 kabla ya kushika tena. Tulikuwa tumezikaza mwezi wa 3 na wa 8 tangu boriti zipande, na bado zilikuwa na nafasi. Kama tungezifunika kwa lipu zisionekane, mkanda wote ungekuwa unacheza bila mtu kujua.

Namba 4 ilijisokota. Nyuzi zake zilikuwa zimezunguka kama kamba, na nilipaswa kuona hilo kwenye gome kabla ya kuipandisha. Kona moja ya dari imeinuka, mbao mbili zinalia ukizikanyaga. Tutaziondoa na kuranda juu ya boriti, kazi ya siku moja.

Mwezi wa 11 tangu boriti zipande, Mwalimu mwenyewe, akimulika kwa tochi kama tulivyokubaliana, aliona mstari mwekundu wa udongo ukipanda kwenye ubao wa nje wa mkanda, pembe ya jiko. Kuni zilikuwa zimerundikwa nje ukutani na udongo umejaa hadi juu ya matofali ya kuchoma, kwa hiyo mchwa walipata daraja la kuivuka nailoni. Walihamisha kuni, wakachimba udongo ushuke, wakakwangua njia yote. Mti ulikuwa umeguswa juu tu.

Tetemeko kubwa halijaja kuipima nyumba hii. Kwa hiyo siwezi kusema mkanda umefaulu kazi yake ya pili. Naweza kusema tu kwamba upo na umekazwa.

Uchambuzi

Ukiniuliza kosa liko wapi, watu wengi wangetarajia niseme ni kwenye ule ukuta wenye tumbo, au kwa mpasuaji. Mimi naliona kwenye siku ile ya Januari, boriti zilipokatwa kwa urefu wa mwisho kabla ukuta haujakuwepo. Ukuta ukivimba inchi 5 si maafa. Ncha ikipasuka inchi 11 si maafa, ndivyo mkaratusi ulivyo. Vyote viwili vingemezwa kimya kimya na futi mbili za ziada kwa kila boriti, na futi mbili hizo zilibaki shambani zikawa kuni. Mbao ndefu husamehe makosa ya mwashi na ya mti kwa pamoja. Iliyokatwa kwa kipimo cha karatasi haina cha kusamehe.

Mpasuaji namtetea kiasi. Aliambiwa futi 14, akatoa futi 14. Alichopaswa kuambiwa, na ambacho mimi sasa nakiandika kwenye karatasi ya kila mteja, ni urefu wa ziada, moyo wa mti ukae katikati ya boriti, na ncha zipakwe siku hiyohiyo. Kupaka si lazima iwe rangi ya dukani. Samadi iliyochanganywa na udongo, safu nene, inachelewesha ncha kukauka na kupunguza kupasuka. Haiondoi kabisa.

Kilichofanya kazi zaidi ya nilivyotegemea ni kuchukua uso wa juu kuwa msingi wa vipimo vyote. Watu ambao hawajawahi kushika patasi waliweza kutoa ncha 10 zenye kimo kimoja kwa sababu kila mtu alikuwa na mstari mmoja wa kuutii na namba moja ya kukumbuka. Ningewapa mchoro wenye vipimo 20 wangechoka.

Mkanda wa ngazi ulitugharimu wiki mbili na mbao zote zilizokuwa zimebaki. Kama ungepangwa tangu mwanzo ungechukua siku nne, kwa kuwa muda mwingi ulipotea kubomoa, kusawazisha na kungoja udongo ukauke. Kwa nyumba yoyote ya udongo upande huu wa Rwenzori, ningeuweka hata kama hakuna dari.

Na kuna lile la Mwalimu kunyamaza. Nimelifikiria sana. Watu wanane wakiwa wameshikilia kamba, kilo 140 zikining'inia, hakuna mtu anayetaka kuwa wa kusema "teremsheni". Kwa hiyo siku hizi boriti haiguswi kamba kabla kijiti hakijapita kwenye kilalio chake na mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina asubuhi, hajasema ipande. Mara nyingi humchagua mwenye nyumba wa kike, maana ndiye atakayelala chini yake na watoto.

Sasa wanajiandaa kujenga jiko na chumba cha pili. Miti iliangushwa mwezi uliopita. Nilipopita Jumamosi magogo yalikuwa yamelazwa kivulini juu ya vijiti, futi 17 kila moja, ncha zimepakwa samadi hadi zimefanana na migongo ya ng'ombe. Mpwa alikuwa amechuchumaa mbele ya gogo moja akifuata mstari wa gome kwa kidole, akitazama kama unazunguka.